Tarehe Mosi Januari

Kila ukitoa betri, inasahau.
Ukiiwasha inauliza upya:
mwaka gani, mwezi gani, saa ngapi?
Usipojibu inajijibu yenyewe:
tarehe mosi Januari, elfu mbili na tano,
sifuri sifuri, nukta, sifuri sifuri,
yaani saa sita usiku kwa saa zetu.

Nami mvivu wa kujibu.
Kwa hiyo miaka tisa nimepiga picha Tandika na Mtoni
na zote ni za usiku huo mmoja,
ingawa jua linawaka.
Kipaimara cha kina Nsia, siku hiyo.
Arusi ya Siwatu, ya kwanza na ya pili, siku hiyo hiyo,
waume wawili kwa tarehe moja.
Paspoti za madereva. Mahafali ya chekechea.
Bibi Mwanahawa kabla ya kukatwa mguu, na baada.

Niliinunua kwa mjane wa mpiga picha
wa gazeti lililokwishafungwa:
elfu themanini, na mkoba, na chaja
yenye waya uliotafunwa na panya.
Megapikseli sita. Simu ya mwanangu ina hamsini,
naye hunicheka.
Mpira wa mshikio ulinata kama ulimbo;
nikaubandua, nikabandika tyubu ya bajaji.
Kadi yake, pana kama biskuti, haiuzwi tena;
nikapata kidude kinachoivika kadi ndogo koti la kubwa.
Masika ya kwanza kuvu ikaota kwenye lenzi,
uzi kwa uzi, kama mtu anafuma kitambaa cha kochi.
Tangu hapo inalala ndani ya ndoo yenye mfuniko
pamoja na vile vifuko vya chengachenga
ninavyookota kwenye maboksi ya viatu.
Mume wangu husema ndoo hiyo haivuji,
chumba chetu kinavuja.

Saa tu sikuigusa,
hadi mzee Kilindo wa Chanika aliponiita:
jirani kajenga ukuta ndani ya mihogo yake.
Nikapiga picha kumi na mbili,
hata alama za mwiko kwenye saruji zinaonekana.
Kwenye baraza la ardhi mwenyekiti akavaa miwani,
akaangalia pembe ya chini.
"Mama, ukuta huu una miaka ishirini?
Basi huyu jirani ndiye mwenyeji."
Watu wakacheka. Kilindo hakucheka.

Chesco yupo Mtaa wa Aggrey, ghorofa ya pili,
nyuma ya wauza vitenge,
chumba chenye upana wa godoro.
Akafungua skrubu kumi na nane,
akazibandika kwenye gundi ya karatasi
kwa mpangilio wa zilivyotoka,
asipotee wakati wa kurudi.
"Ona." Betri ndogo kama kidonge,
imechomelewa kwenye bodi, imekufa zamani,
imetoa kutu ya kijani.
Umeme ukakatika. Hakuwa na haraka,
akala karanga zangu mpaka jirani alipowasha jenereta.
Kisha moshi mwembamba wa lehemu,
na pumzi yake ameizuia.

"Weka saa, mama."

Kidole changu juu ya kitufe.
Elfu mbili na sita. Na saba. Na nane.
Sikujua miaka inabonyezwa mmoja mmoja,
kwamba huwezi kuruka.
Kwenye kumi na moja nikasimama.
Chesco akadhani kitufe kimekwama,
akanyoosha mkono kwenye bisibisi.
"Hapana," nikasema, "kinafanya kazi."
Nikaendelea.

Picha ya kwanza ni mikono yake, juu ya meza,
saa kumi kasorobo alasiri, tarehe ya leo.
Akaitazama kwenye kioo, akasema vidole vimetoka vya mzee.
Sikumbishia. Nikamlipa elfu kumi na tano
na karanga zilizobaki.

Kesho alfajiri narudi Chanika.
Mihogo itakuwa imeng'olewa,
lakini ukuta utakuwa na umri wake.